Kama umeambiwa una pumu, umewahi kupulizishwa kipimo mara mbili? (Moshi na Arusha)

Mwana wa Kibosho #1

Habari za asubuhi wakuu, na shikamooni wakubwa. Uzi ni mrefu. Mwenye mzazi anayekohoa naomba ausome wote.

Mama yangu ana miaka 61, anaishi Kibosho. Tangu 2015 kila daftari lake la kliniki limeandikwa neno moja, pumu. Ilianza kama kikohozi cha asubuhi chenye makohozi. Baadaye akipandisha na ndoo kutoka mtoni anasimama mara mbili, mara tatu, mwishowe ndoo zikawa kazi ya wajukuu. Kila ikifika Juni na Julai, baridi ya mlimani ikishuka, kifua kinambana mpaka analala akiwa ameketi, mgongo ukutani. Tunampeleka, anawekewa mashine ya mvuke, anapewa vidonge vya salbutamol (ya kufungua njia za hewa) na prednisolone (steroidi, ya kutuliza uvimbe), tunarudi nyumbani. Mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, tukaambiwa ndivyo dawa za pumu zilivyo. Halafu sukari ikaanza kupanda. Daktari akauliza amemeza prednisolone, ambayo huweza kupandisha sukari, kwa muda gani, tukabaki kutazamana, maana akibanwa alikuwa akituma mtoto dukani.

Miaka tisa hiyo hakuna aliyempa kitu akapuliza. Walisikiliza kifua, wakasikia filimbi, wakaandika pumu.

Mdogo wangu ni seremala Arusha, ana miaka 27, naye ana pumu tangu utotoni. Mwaka 2024 mwezi wa saba yeye na mama walibanwa ndani ya wiki ileile, na walipotulia tukapewa rufaa ya kliniki ya kifua, tukawapeleka siku moja. Kwa hiyo nilikaa kwenye chumba kile nikaona watu wawili wa nyumba moja, wenye jina moja la ugonjwa, wakipuliza mashine ileile.

Mashine yenyewe ni ndogo, haifikii ukubwa wa redio ya mkulima, imeunganishwa na kompyuta. Inaitwa spirometa. Mpimaji aliuliza umri, akampima mama urefu akiwa miguu mitupu, maana mashine inalinganisha pumzi yako na ya mtu mzima wa afya mwenye umri, jinsia na kimo kama chako. Akamwambia alegeze kanga aliyokuwa ameikaza tumboni. Akambana pua kwa kibanio. Kisha:

"Mama, vuta pumzi, jaza, jaza, jaza... puliza! Toa, toa, toa, bado ipo, usiache, toa!"

Mara ya kwanza mama alivimbisha mashavu na kupuliza kwa madaha kama anayechochea moto kwenye mafiga. Mpimaji akamwambia kwa upole, "Hapana mama, moto unaupuliza kidogo kidogo. Hapa zitoe zote kwa kishindo, kama unataka kuangusha ukuta, halafu uendelee mpaka ziishe kabisa." Mara ya pili akakohoa katikati, ikafutwa. Alipuliza mara sita kwa jumla, na katikati alipewa mapumziko kwa sababu kizunguzungu kilimshika. Mpimaji alitaka mipulizo mitatu iliyo sahihi, na miwili iliyo bora isipishane zaidi ya mililita 150. Nilimwona anaikataa mipulizo ambayo mimi ningeona inatosha.

Baada ya hapo ndipo likaja jambo lililonifanya niandike uzi huu. Alimpa mama salbutamol ya kuvuta mara nne kupitia spesa (chupa ya plastiki inayounganishwa na inhela), akamwambia akae dakika 15. Mama akatoa rozari yake. Dakika zilipotimia akarudishwa kwenye mashine, akapuliza upya.

Majibu ya mama, nayanakili kwenye karatasi:

Kabla ya dawa: pumzi ya sekunde ya kwanza (imeandikwa FEV1) lita 1.02. Pumzi yote aliyoitoa (FVC) lita 1.76. Ukigawa ya kwanza kwa ya pili unapata 0.58.
Baada ya dawa: lita 1.08 na lita 1.80. Uwiano 0.60.

Ya mdogo wangu:

Kabla: lita 2.60 na lita 4.13. Uwiano 0.63.
Baada: lita 3.25 na lita 4.28. Uwiano 0.76.

Angalieni kabla ya dawa. Wote wawili njia zao za hewa zimeziba, uwiano uko chini ya 0.70 (0.58 na 0.63), na kama kipimo kingeishia hapo wote wangetoka na jibu lilelile. Dawa ndiyo iliyowatenganisha. Mdogo wangu alipanda mililita 650, yaani asilimia 25, uwiano ukarudi mahali pake. Mama alipanda mililita 60, asilimia 6, na uwiano ukabaki chini ya 0.70. Daktari alisema kigezo kilichozoeleka cha kusema dawa imefungua njia ni kupanda kwa angalau asilimia 12 na mililita 200 kwa pamoja. Mama hajafika hata nusu.

Mama ana ugonjwa sugu wa mapafu wa kuziba njia za hewa, ule ambao madaktari wanauita COPD. Njia zake za hewa zimekakamaa na kuharibika, hazijibani na kuachia kama za mwenye pumu. Hajawahi kuvuta sigara hata moja. Amepika kwa kuni tangu akiwa binti, na kwa miaka zaidi ya ishirini amepika mbege, pombe yetu ya ndizi. Mnaojua mbege mnajua ndizi zinavyochemka saa nyingi ndani ya jiko lisilo na dirisha.

Naomba wenye uzoefu na wataalamu mchangie.

Sakina Juu #2

Pole kwa mama, mkuu. Naomba kuuliza kitu cha msingi kabisa. Kwa nini sekunde ya kwanza? Kwa nini wasipime tu mtu ana hewa kiasi gani?

Nesi wa Majengo #3

Mwana wa Kibosho, mpe mama pole nyingi. Nimefanya kazi wodi ya wagonjwa wa kifua miaka kadhaa, nijibu kidogo.

Sakina Juu, swali lako ni zuri. Daktari wa Uingereza, John Hutchinson, alitengeneza spirometa 1846, akapima watu zaidi ya 2,000. Yeye alipima ujazo tu, hewa yote mtu anayoweza kuitoa. Ilichukua karibu miaka 100, mpaka Tiffeneau wa Ufaransa 1947, ndipo wakaanza kuangalia ni kiasi gani kinatoka ndani ya sekunde moja. Fikiria ndoo mbili zinazolingana, moja ina bomba la inchi moja na nyingine ina mrija wa soda. Ukisubiri sana zote zitamwaga maji yaleyale. Tofauti utaiona kwenye sekunde ya kwanza. Mtu mzima mwenye mapafu mazuri hutoa robo tatu hivi ya pumzi yake, au zaidi, ndani ya sekunde hiyo.

Ndiyo maana pia kwenye karatasi kuna mchoro. Kwa aliyeziba, mstari badala ya kushuka umenyooka unabonyea katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea. Mwana wa Kibosho, angalia wa mama utauona.

Sasa naomba nirekebishe jambo moja, kwa nia njema. Usiwafanye watu waamini kwamba dawa ikipandisha kwa asilimia 12 ni pumu na isipopandisha ni COPD, tumemaliza. Haiko hivyo. Wapo wenye COPD wanaopanda kuvuka hapo, na wapo wenye pumu ambao siku ya kipimo hawapandi, hasa waliokaa na pumu isiyotibiwa vizuri miaka mingi mpaka njia za hewa zikapata makovu. Namba inasomwa pamoja na maisha ya mtu. Ilianza utotoni au baada ya miaka 40? Inakuja na kuondoka, au iko kila siku na kila mwaka inazidi? Ana mzio, mafua ya vumbi, ukurutu, ndugu wenye pumu? Anaamka usiku? Amekaa kwenye moshi miaka mingapi? Ila kupanda kwa zaidi ya mililita 400, kama mdogo wako, kunaelekeza kwenye pumu kwa nguvu sana. Na uwiano kubaki chini ya 0.70 baada ya dawa, kwa mama wa miaka 61 mwenye historia ile, ni COPD bila mashaka makubwa.

Na siku hizi mwongozo mpya wa wataalamu unahesabu kupanda kwa namna nyingine, zaidi ya asilimia 10 ya kile kinachotarajiwa kwa mtu wa umri na kimo chako. Kwa hiyo ukikuta karatasi mbili zimetumia hesabu tofauti usishtuke.

Mwana wa Kibosho #4

Asante sana dada, nimepokea. Mstari wa mama kweli umebonyea.

Baba Neema #5

Nimesoma huku roho inaniuma. Baba yangu ana miaka 68, alikuwa kuli kwenye maghala ya kahawa hapa Moshi, na sigara alivuta mpaka 2010. Alipulizishwa mwaka jana hospitali moja (siitaji). Alipuliza mara moja tu. Hakupewa dawa, hakurudishwa. Karatasi imeandikwa pumu. Sasa najiuliza, kile kilikuwa kipimo kweli?

Nesi wa Majengo #6

Baba Neema, kilikuwa nusu ya kipimo. Kinakwambia ameziba au hajaziba. Hakikwambii ameziba kwa namna gani. Na kama ni mpulizo mmoja tu, hata hiyo nusu ina walakini, maana hujui kama mzee alitoa pumzi zote au alikatisha njiani. Akikatisha, FVC inatoka ndogo, uwiano unapanda kwa uongo, na aliyeziba anaonekana mzima. Omba arudiwe, na waambie waziwazi: "kabla na baada ya dawa".

Mkwe wa Mwika #7

Wakuu, samahani, mimi sioni umuhimu wa jina. Pumu au hiyo nyingine, si wote wanapewa inhela? Ya nini kumtesa mama mtu mzima kupuliza mara sita?

Mwana wa Kibosho #8

Mkwe wa Mwika, nilikuwa na wazo hilohilo, ndiyo sababu tulikaa miaka tisa. Nieleze alivyotueleza daktari.

Pumu kiini chake ni uvimbe ndani ya njia za hewa, kwa hiyo dawa kuu ni steroidi ya kuvuta, kama beclometasone au budesonide, kila siku au kama daktari atakavyopanga. Mdogo wangu alikuwa akitumia salbutamol peke yake, akibanwa anavuta, akipoa anaweka mfukoni. Daktari alisema hiyo ndiyo njia ya watu wenye pumu kufa wakiwa na inhela mkononi, kwa sababu salbutamol inafungua mlango lakini haizimi moto ulioko ndani. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu hautaki tena mtu mzima atibiwe kwa salbutamol peke yake.

COPD ni kinyume kidogo. Dawa kuu ni zile za kutanua njia za hewa zinazodumu masaa 12 au 24. Steroidi ya kuvuta wanapewa baadhi tu, kwa mfano wanaobanwa vibaya mara kwa mara na ambao damu yao inaonyesha eosinofili (aina ya chembe nyeupe za damu) nyingi, kwa sababu kwa wengine inaongeza hatari ya nimonia. Na ukimpa mwenye pumu ile dawa ya kutanua ya masaa mengi bila steroidi, unamweka hatarini. Kwa hiyo jina likikosewa, dawa inayomwokoa mmoja inamwumiza mwenzake.

Halafu kuna jambo la jikoni. Tungeendelea kuamini ni pumu, tungeendelea kumkinga na vumbi na manyoya ya paka huku tunamwacha kwenye moshi wa kuni. Moshi ndio uliomfikisha hapo. Kilichoharibika hakirudi, lakini akitoka kwenye moshi kasi ya kuharibika inapungua. Hilo tu kwangu lilitosha kumpulizisha hata mara kumi.

Mkwe wa Mwika #9

Nimekuelewa mkuu. Nilijibu kwa haraka, samahani. Bibi yangu naye anapika kwa kuni mpaka leo.

Sakina Juu #10

Niongeze langu, maana mimi kipimo kiliniambia mzima wakati usiku silali.

Nilipuliza kwenye kliniki Arusha saa 5 asubuhi, siku ambayo nilikuwa najisikia vizuri. Uwiano 0.81, kila kitu sawa. Nikaambiwa sina pumu. Usiku wa manane naamka kifua kinalia. Daktari mwingine ndiye alinieleza kwamba pumu inakuja na kuondoka, ukipimwa siku imeondoka mashine haitaona kitu. Akanipa kile kifaa kidogo cha plastiki chenye mshale, kinapima kasi ya pumzi. Nikawa napuliza asubuhi na jioni, mara tatu kila wakati, naandika kubwa zaidi, kwa wiki mbili. Asubuhi nyingi ilikuwa 380, jioni 470. Akachukua tofauti ya kila siku, akaigawa kwa wastani wa siku hiyo, inakuja kama asilimia 21. Kwa mtu mzima wastani ukizidi 10 kwenye hizo wiki mbili, pumzi inayumba kuliko kawaida. Nikaanza steroidi ya kuvuta, sasa asubuhi nagonga 460.

Kwa hiyo wakuu, kipimo kikiwa kizuri siku moja kisiwafunge mdomo.

Mzee wa Siha #11

Wanangu, mimi niliugua kifua kikuu 2011, nikatibiwa Kibong'oto, ile hospitali iliyoanza 1926, nikapona kabisa. Lakini tangu hapo nikipanda kilima nahema. Duka la dawa wananiuzia inhela wakisema pumu ya uzeeni. Je, hicho kipimo kinanihusu?

Nesi wa Majengo #12

Shikamoo mzee wangu. Kinakuhusu sana. Kifua kikuu kikipona huacha makovu. Wengine makovu yanaziba njia za hewa, uwiano unashuka kama wa mwenye COPD hata kama hakuvuta sigara. Wengine mapafu yanasinyaa: FEV1 ndogo, FVC ndogo, lakini uwiano uko sawa au juu. Huyo wa pili hajaziba, mapafu yake yamepungua ujazo, na inhela ya dukani haitamsaidia. Hapo daktari atataka picha ya kifua na vipimo vingine.

Ila kabla ya kupuliza, kama una kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni au umekonda, pima makohozi kwanza. Mwenye kifua kikuu hai hapulizi mashine ile, kwa ajili ya wengine watakaoipuliza baada yake. Vilevile mwambie mpimaji kama unakohoa damu, umepata shambulio la moyo hivi karibuni, au umefanyiwa upasuaji wa jicho, kifua au tumbo wiki chache zilizopita. Wataahirisha.

Na wazee wanaohema wasisahau moyo. Moyo ukichoka, maji yanajaa mapafuni na kifua kinalia filimbi vilevile. Miguu ikivimba, sema.

Mama Twins Kijenge #13

Nina mtoto wa miaka minne anabanwa kila akipata mafua. Wanaweza kumpulizisha?

Nesi wa Majengo #14

Mama Twins, bado mdogo. Watoto wengi wanaweza kupuliza vizuri kuanzia miaka mitano au sita. Kwa wa kwako daktari ataangalia anabanwa mara ngapi, nini kinamchokoza, na anavyoitikia dawa akipewa kwa muda maalumu. Muhimu avute dawa kwa spesa yenye kikombe cha uso. Ukikosa, chupa safi ya plastiki ya nusu lita inafaa: pasha waya moto, tumia waya huo kutoboa kitako cha chupa kwa umbo la mdomo wa inhela, ingiza inhela ikae imebana, mtoto avute kwenye mdomo wa chupa. Wataalamu wa Afrika Kusini waliijaribu na ikafanya kazi vizuri.

Baba Neema #15

Nimepata nafasi Alhamisi, kabla na baada ya dawa, nimeuliza mara mbili wakahakikisha. Nimwandaeje mzee?

Mwana wa Kibosho #16

Hongera Baba Neema. Sisi tuliambiwa salbutamol asivute masaa manne hadi sita kabla, na zile za kudumu masaa mengi uliza waliokupa nafasi, maana nyingine zinaachwa siku nzima au zaidi. Lakini akibanwa njiani mpe dawa yake, kipimo kitasubiri. Steroidi asiiache bila kuambiwa. Asile akashiba sana, mama tulimpa chai na kipande cha ndizi. Nenda na dawa zake zote kwenye mfuko, hata zile za dukani.

Mlioniuliza kwa ujumbe mama yukoje: pumzi yake ya sekunde ya kwanza baada ya dawa ni asilimia 57 ya inayotarajiwa, wanaita hatua ya pili kati ya nne. Prednisolone ya dukani tumeikomesha, kwa kupunguziwa taratibu na daktari, si kukatisha ghafla. Ana inhela ya kutanua ya kila siku, na amefundishwa kutoa pumzi kwa midomo iliyobana, polepole, kama anayepoza chai. Anatembea mpaka kanisani na kurudi, anapumzika mara moja badala ya nne. Tumemnunulia jiko la gesi, na jiko la kuni tumelitoboa dirisha pande mbili. Mbege bado inapikwa, ila dada yangu ndiye anayekaa na chungu, nje, uwanjani. Mama anakaa upande upepo unakotokea na kutoa maelekezo.

Nesi wa Majengo #17

Hapo kwa mama mmefanya vizuri. Baba Neema, mzee avae nguo isiyombana kifua wala tumbo, na asivute sigara ya mtu saa moja kabla. Ana meno ya bandia? Kama hayachezi abaki nayo, midomo itashika bomba vizuri. Kama yanacheza ayavue.

Baba Neema #18

Hayachezi. Tunatoka na gari la saa 12 asubuhi, nitaleta namba zote hapa.